Taa nane zimewaka, kebo bado mbovu: Uzi wa vifaa vya kutafuta hitilafu kwenye kebo za mtandao

#1 Mwanakebo

Wakuu, salaam.

Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu, leo naliandika. Mafundi wengi wa mtandao tunatembea na koleo la kubania, pakiti ya koneta na ile testa ndogo ya vipande viwili yenye taa 1 hadi 8. Mteja akilalamika tunachomeka testa, taa zinapita moja baada ya nyingine, tunamwambia kebo ni nzima, anunue swichi nyingine (kifaa cha kugawa mtandao). Hapo ndipo tunapompotezea mtu hela yake.

Mwaka jana niliitwa kwenye zahanati moja ya ghorofa moja. Kompyuta ya mapokezi asubuhi ilikuwa inakwenda gigabiti kamili, yaani Mbps (megabiti kwa sekunde) 1000. Ikifika saa nane mchana mtandao unakatika, unarudi ukiwa Mbps 100, unakatika tena, jioni unatulia. Siku ya kwanza nilifika saa tatu asubuhi. Testa ya taa: zote nane zimewaka. Nikabadilisha koneta pande zote mbili, nikaondoka. Siku ya pili nikabadilisha poti ya swichi na ile kebo fupi ya mezani. Mchana wake dada wa mapokezi akarudi kuandika wagonjwa kwenye daftari, foleni imetoka mpaka nje chini ya mwarobaini, akina mama na watoto mgongoni. Nilijisikia vibaya mno.

Siku ya tatu niliazima TDR, kifaa kinachoonyesha hitilafu ya kebo iko mita ngapi, kwa rafiki yangu, na safari hii nikaenda saa nane hiyohiyo, bati likiwa limepata moto. Waya nane za kebo zimesokotwa mbilimbili, yaani jozi nne. Kioo kikaonyesha hivi: jozi ya 1-2 mita 54, ya 3-6 mita 54, ya 4-5 mita 54. Jozi ya 7-8: imekatika, mita 31.

Nikachukua futi kamba, nikaanza kuhesabu kutoka kwenye swichi: mita 3 za kupanda ukutani, kisha darini kufuata boriti. Mita 31 zikaniangukia juu ya chumba cha sindano. Fundi wa kiyoyozi alikuwa amebana bomba lake kwenye boriti kwa klampu ya chuma, na kebo yetu iko katikati. Ganda la nje limebonyea tu, huwezi kuona kitu. Nilipolichana, waya wa kahawia ulikuwa umekatika ndani ya plastiki yake na ncha mbili zinagusana. Asubuhi kuna baridi, zinagusana. Mchana bati na boriti vinatanuka, zinaachana. Testa yangu ya asubuhi haikudanganya, ila ilijibu swali la asubuhi.

Kwa nini mtandao ulikuwa unarudi na Mbps 100? Kwa sababu Mbps 100 inatumia jozi mbili tu, 1-2 na 3-6. Gigabiti inataka zote nne. Kwa hiyo ukiona mashine ya gigabiti imeng'ang'ania 100, kabla hujagusa mipangilio ya programu, shuku jozi ya bluu (4-5) au ya kahawia (7-8).

Kwa ambao hawajaishika TDR: inatuma mpigo mfupi wa umeme kwenye jozi na kusubiri mwangwi, kama mtu anayeita ndani ya kisima. Kebo nzima iliyofungiwa vizuri mwisho wake haina mwangwi wa maana. Waya ukiwa umekatika, mpigo unarudi ukiwa umesimama vilevile. Kukiwa na shoti, yaani waya mbili zinagusana, unarudi umepinduka, chanya imekuwa hasi. Kifaa kinajua aina ya ugonjwa kwa sura ya mwangwi, na mahali pake kwa muda uliotumika. Kwenye Cat5e, aina ya kebo ya mtandao iliyozoeleka, mpigo unakwenda kwa takriban asilimia 69 ya mwendo wa mwanga, yaani karibu mita 207 kwa kila maikrosekunde. Kwenda na kurudi, kila mita moja inakula nanosekunde 10 hivi. Ile mita 31 yangu ilikuwa mwangwi wa nanosekunde 300.

Naomba tujadili. Nani anatumia nini, wapi kimemsaidia, wapi kimemwangusha?

#2 Kijana wa Nyegezi

Mkuu Mwanakebo, asante sana kwa uzi huu, umekuja wakati wake. Mimi ndiyo naanza kazi, nipo Mwanza. Nina testa ya taa na maltimita ya kawaida, basi. TDR bado sijaifikia.

Nina kesi mkononi. Nyumba ya wageni, kamera ya PoE (inayopata umeme kupitia kebo hiyohiyo ya mtandao) ya geti la nyuma haiwaki kabisa. Kebo ni mita 48, nilivuta mwenyewe. Nikitoa kamera nikachomeka laptopu kule mwisho, mtandao unapatikana, Mbps 100. Kamera nikiipeleka karibu na swichi inawaka. Testa inaruka taa ya 4 na ya 5. Koneta nimezibana upya mara mbili. Mwenye nyumba anataka nivute kebo mpya kwa gharama zangu. Nifanyeje?

#3 BintiSwichi

Kijana wa Nyegezi, dalili zako zimejieleza zenyewe. PoE ina njia mbili za kupeleka umeme: kupitia 1-2 na 3-6, au kupitia 4-5 na 7-8. Swichi nyingi za bei nafuu za kamera zinatumia hiyo ya pili. Jozi yako ya bluu imekatika yote, 4 na 5. Data inapita kwenye zile jozi nyingine, ndiyo maana laptopu inafurahi, lakini umeme wa kamera umekosa njia ya kwenda. Sasa kazi ni kujua imekatikia wapi. Subiri wakubwa waje.

Mwanakebo, naomba niongeze ugonjwa ambao testa ya taa haiuoni hata ukikaa nayo mwaka mzima: jozi zilizogawanyika.

Niliitwa kwenye shule moja, chumba cha kompyuta, mashine 20. Zilizokuwa karibu na swichi zinafanya kazi. Za ukuta wa mbali mtandao unasuasua, faili dogo linachukua dakika kadhaa. Testa ya taa: 1 hadi 8, kila kebo, bila kuruka. Nikainama nikaangalia koneta kwa macho. Aliyefunga alipanga rangi kwa jozi zilivyofuatana: chungwa mbili, kijani mbili, bluu mbili, kahawia mbili. Pande zote mbili vivyo hivyo, kwa hiyo 3 inafika 3 na 6 inafika 6. Umeme wa testa hauna shida na hilo.

Shida ni kwamba 3 na 6 zinatakiwa ziwe waya zilizosokotwa pamoja. Kule kusokotwa ndiko kunakofuta kelele ya jirani. Pale 3 alikuwa wa kijani na 6 wa bluu, kila mmoja amesokotwa na mwenzake mwingine, kwa hiyo wanachafuliana. Kwenye mita 5 unavumilia. Kwenye mita 50 unalia.

Kwa hiyo kifaa cha kwanza ni macho. Mipangilio ya rangi ni miwili, A na B. Koneta ukiishika klipu ikiwa chini, ncha za shaba zikiwa juu na kebo ikija upande wako, kwa mpangilio wa B unasoma kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Angalia wa tatu na wa sita. Kama si wa kijani wote wawili, au wa chungwa wote wawili kwa wanaotumia mpangilio wa A, umepata mgonjwa. Zipo testa za daraja la kati zinazotambua kugawanyika kwa jozi, na ukinunua testa mpya hilo ndilo swali la kwanza la kumuuliza muuzaji.

#4 KigamboniNet

Kwa heshima zote wakuu, mimi naona tunajitesa. Kebo ikileta shida, vuta nyingine. Ndani ya saa tatu nimemaliza, mteja ananilipa, naenda kazi nyingine. Huo muda wa kupima mita 31 darini na futi kamba mimi nimeshafika nyumbani.

#5 Mwanakebo

KigamboniNet, kaka yangu, kwenye jengo lenye bomba na waya wa kuvutia nakubaliana na wewe kabisa. Vuta. Lakini pale zahanati dari ni jipsamu iliyopakwa rangi, na kebo ilipita kabla haijafungwa. Kuvuta mpya ni kutoboa dari vyumba vitano, viwili vina wagonjwa wamelala.

Kingine ni kwamba ningevuta nyingine kwa njia ileile, ingepita chini ya klampu ileile. Kama ni panya, panya bado yupo. Kama ni maji, tundu bado liko wazi. Mimi nataka nijue kilichoiua kebo ya kwanza kabla sijalaza ya pili.

#6 KigamboniNet

Hapo kwenye klampu umenipata. Nina jengo moja nimevuta kebo mara mbili ndani ya miezi minane, njia ileile. Nitarudi kuangalia.

#7 Pwani254

Hamjambo ndugu zangu wa huko. Niko Mombasa, kazi yangu kubwa ni hoteli za ufuoni.

Huku adui ni chumvi. Koneta ikikaa nje mwaka mmoja, ncha za shaba zinaota ukungu wa kijani. Testa ya taa inawaka, maana inahitaji mkondo mdogo tu. Ukiweka mzigo wa PoE, kamera inawaka na kuzima usiku inapowasha taa zake za kuonea gizani. Sasa natumia kebo ya nje yenye jeli ndani na koneta naziweka kwenye boksi lililofungwa kwa mpira.

Maji yakiingia ndani ya ganda TDR haikupi jibu kali kama la waya uliokatika. Mwangwi wake ni kilima kilicholala, si ncha, na umbali unachezacheza kila ukipima. Nikiona hivyo sitafuti nukta, natafuta mita kadhaa. Nakwenda mahali kebo inapolala chini kabisa, maana maji hukusanyika huko.

Na tona je, mbona hamjaitaja? Chombo changu cha kila siku ni tona, inayotuma mlio kwenye kebo, na kalamu yake ya kuusikia. Hoteli ina kebo 96 kwenye kabati, hakuna lebo hata moja, mwenye kuzifunga alishahama. Unachomeka tona chumbani, unapitisha kalamu kwenye kabati mpaka mlio uwe mkubwa. Kasoro yake ni kwamba sauti inavuja kwa kebo za jirani zilizofungwa fungu moja, na unaweza kukata kebo ya mgeni asiye na hatia. Mimi nikishadhani nimeipata, nagusanisha waya mbili za ile jozi upande wa kabati. Mlio ukikatika, ndiyo yenyewe. Ukiendelea, umeshika ya jirani.

Tona za kizamani hazisikiki kebo ikiwa imechomekwa kwenye swichi inayofanya kazi, swichi inaimeza ile sauti. Za kidijitali zinapenya.

#8 MzeeSimu

Wanangu, nimesoma kimyakimya tangu juzi. Mimi ni mstaafu, nilifanya kazi ya kebo za simu tangu miaka ya themanini, zile nene za jozi mia na zaidi zinazopita chini ya barabara. TDR tuliiona kwa mbali, ilikuwa ya wakubwa. Sisi tulipata shoti kwa kupima ukinzani, na njia hiyo ina umri mkubwa kuliko babu zetu. Waya wa telegrafu ulifika Zanzibar kutoka Aden mwaka 1879, na hata wakati huo mabaharia wa kebo walikuwa wanajua hitilafu iko maili ngapi kwa kupima umeme wakiwa wamekaa ufukweni.

Kijana wa Nyegezi, maltimita yako inatosha kwa shoti. Shika kalamu.

Waya wa shaba wa Cat5e una ukinzani wa ohmu 8.4 hivi kwa mita 100. Kwenda na kurudi kwenye jozi ni karibu 0.17 kwa kila mita. Usiniamini mimi, kata mita 10 za kebo ya boksi lako mwenyewe, gusanisha waya wa jozi moja mwisho wake, pima. Utapata kama 1.7. Kabla ya hapo gusanisha ncha za maltimita zenyewe, soma zinakupa ngapi, na uitoe. Nyaya zake nazo zina ukinzani, na kwenye hesabu hizi ndogo hata kipande cha ohmu moja kinaweza kuwa mita mbili.

Sasa mfano. Kebo ni mita 60, jozi moja ina shoti katikati. Unachomoa vifaa pande zote. Upande wa swichi unapima ohmu 5.0. Ukigawa kwa 0.17 unapata mita 29. Kijana mwenye haraka anakwenda kuchimba mita ya 29 na hakuti kitu, kwa sababu shoti si waya zilizochomelewa. Ni mguso mbovu, una ukinzani wake.

Nenda upande wa pili ukapime tena. Unapata 7.4, ambayo ni kama mita 43.5. Jumlisha: 29.4 na 43.5 ni karibu 73. Lakini kebo ni mita 60! Hizo 13 zilizozidi ni za ule mguso, ambao umehesabiwa mara mbili, nusu ya 13 kila upande. Toa nusu yake, 6.5, kwenye 29.4. Unabaki na mita 23. Hapo ndipo penye shoti.

Hakikisheni swichi ya PoE imechomolewa kabla ya kupima. Zile volti 48 si za kuulia mtu, lakini maltimita iliyo kwenye ohmu haizipendi na jibu litakuwa uongo.

#9 Kijana wa Nyegezi

Shikamoo mzee wangu. Nimeiandika yote kwenye daftari. Ila ya kwangu si shoti, waya zimekatika. Nikipima ohmu hakuna kinachoonekana, maltimita inasoma njia haipo.

#10 MzeeSimu

Marahaba mwanangu. Ndiyo, kwa waya uliokatika ohmu haina la kusema. Je, maltimita yako ina alama ya kupima kapasita, nF (nanofaradi)? Kama ipo, umepona.

Waya mbili zinazokwenda sambamba bila kugusana ni kapasita, yaani zinahifadhi chaji kidogo ya umeme. Kadiri zilivyo ndefu ndivyo inavyokuwa kubwa. Cat5e inatoa karibu nanofaradi 5 kwa mita 100. Hauhitaji kujua namba kamili, kwa sababu unazo jozi tatu nzima kwenye kebo hiyohiyo za kulinganishia. Pima jozi nzima, halafu pima ya bluu kutoka upande mmoja, kisha kutoka upande mwingine. Sehemu ya bluu ukiigawa kwa nzima, ukazidisha kwa mita zako 48, umepata umbali. Vipimo viwili vya bluu vikijumlishwa vikakaribia kile cha jozi nzima, kazi yako ni safi. Visipokaribiana, kuna zaidi ya sehemu moja, au kuna maji.

Usishike waya kwa vidole wakati wa kupima, mwili wako unaongeza hesabu.

#11 BintiSwichi

Mzee, Mungu akuzidishie. Miaka sita ya kazi, hili la kapasita sikuwahi kufundishwa darasani.

#12 RackyaJuu

Naongeza kifaa ambacho wengi mnacho na hamjui. Swichi nyingi za ofisi zina TDR ndani yake, kwenye chipu ya poti. Huna haja ya kununua.

Kwenye swichi nyingi za Cisco za aina ya Catalyst unaandika `test cable-diagnostics tdr interface gi1/0/5`, unasubiri sekunde chache, halafu `show cable-diagnostics tdr interface gi1/0/5`. Inakupa kila jozi, hali yake na mita. Kwenye vifaa vya MikroTik kuna `/interface ethernet cable-test ether5`. Kwenye Linux, kuanzia kernel 5.8 ya mwaka 2020, kuna `ethtool --cable-test eth0`, ila inategemea kadi yako ya mtandao, nyingine zitakujibu kwamba hazina uwezo huo.

Ninalosisitiza: kipimo hicho kinaweza kukata mawasiliano ya ile poti wakati kinapima. Usikifanye saa nne asubuhi kwenye poti inayobeba ghorofa zima. Na majibu yake yanaweza kupishana mita kadhaa, kwa hiyo yachukue kama ramani ya mtaa, si namba ya nyumba. Hata hivyo, jibu linalosema jozi zote zimeishia mita 0 au 1 linakuambia tatizo liko kwenye koneta ya upande wako, na linalosema mwisho kabisa wa kebo linakuambia liko kwenye koneta ya kule. Nusu ya safari zangu za darini zimekufa kwa sababu ya hilo tu.

#13 Mwanakebo

RackyaJuu umeleta la maana sana. Na hilo la koneta, TDR za mkononi nyingine zina upofu kwenye mita ya kwanza au mbili, mpigo wake wenyewe bado unatoka wakati mwangwi umesharudi. Dawa yake ni kuunganisha kwanza kipande kizima cha kebo unachojua urefu wake, mita 5 kwa mfano, halafu unatoa hizo 5 kwenye jibu.

Niseme pia kuhusu ile asilimia ya mwendo, kwenye vifaa imeandikwa NVP. Watu wanaiacha ilivyotoka dukani. Kebo yako ikiwa ya 0.72 na kifaa kimewekwa 0.69, hitilafu ya mita 50 utaonyeshwa mita 48. Mbili si nyingi ukiwa darini, ni nyingi sana ukiwa unatoboa ukuta wa zege. Kata kipande cha boksi lilelile, kiwe mita 20 au 30 zilizopimwa kwa futi kamba, rekebisha NVP mpaka kifaa kiseme urefu huo. Dakika tano.

#14 Mama Patch

Naombeni niseme kuhusu kebo za alumini zilizopakwa shaba, maana zinatuumiza na mahesabu ya mzee yataharibika nazo.

Alumini inapitisha umeme kwa karibu asilimia 61 tu ya shaba. Ile kebo yenye ganda jembamba la shaba juu na alumini ndani ina ukinzani karibu mara moja na nusu. Mita 50 za shaba, kwenda na kurudi, ni ohmu 8.5 hivi. Za alumini utasoma kama 13. Boksi limeandikwa Cat6 kwa herufi kubwa, viwango vya kimataifa vya kebo za mtandao vinataka shaba tupu, na mteja hajui. PoE ikipita, volti zinaishia njiani na kamera ya mbali inajizima na kuwaka.

Kabla ya kununua, omba ncha. Kwaruza waya kwa wembe. Ndani ukiona weupe, rudisha. Kisha ukunje na kuukunjua sehemu moja mara kadhaa, alumini inakatika mapema, shaba inavumilia. Ndiyo maana kebo hizo zinakufa kwenye koneta kila mtu akiisogeza meza.

Kwa hiyo mzee akisema upime mita 10 za boksi lako mwenyewe, si kwa ajili ya hesabu tu. Ukisoma 2.6 badala ya 1.7, umeshajua umeuziwa nini.

#15 MzeeSimu

Mama Patch, umesema kweli tupu.

#16 Faiba Kinyerezi

Wa faiba, zile kebo za kioo zinazopitisha mwanga, tupo. Kwa ufupi, maana inastahili uzi wake.

Ya kwanza ni tochi nyekundu, ya nanomita 650. Unaichomeka upande mmoja, mahali faiba ilipovunjika au kupinda sana panang'aa nyekundu hata kupitia ganda la njano. Kwa majumbani na kwenye boksi za ukutani inamaliza kazi nyingi. Usiitazame kwa jicho.

Ya pili ni kipima mwanga. Kifaa cha mteja kikiwasha taa nyekundu ya LOS, yaani mwanga haufiki, pima. Kwenye GPON ya kawaida (mfumo wa faiba ya majumbani) kifaa cha mteja kinahitaji mwanga usioshuka chini ya dBm -27, dBm ikiwa kipimo cha nguvu ya mwanga. Ukisoma -31, kuna kitu kinaula mwanga huo njiani.

Ya tatu ni OTDR, ndugu wa TDR, inatuma mwanga badala ya umeme. Pima kwa mwanga wa nanomita 1310 na kwa 1550. Mahali panapopoteza zaidi kwenye 1550 kuliko 1310 ni kona iliyokunjwa mno, mara nyingi mtu amefunga faiba kwa zip (ule mkanda wa plastiki wa kukaza) kama anafunga mzigo wa kuni. Panapopoteza sawa kote ni kiungo kibaya. Na kwenye laini iliyo hai usirushe mawimbi hayo, tumia 1625 au 1650, vinginevyo unawaharibia wateja wengine.

Mtakumbuka Mei 12, 2024, kebo za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika upande wa kusini na intaneti ikazorota Tanzania na kwa majirani. Mafundi wa baharini nao wanaanza hivyohivyo: mwangwi wa mwanga na vipimo vya umeme kutoka nchi kavu, ili meli ijue ielekee wapi kabla haijang'oa nanga.

#17 Pwani254

Faiba Kinyerezi, fungua huo uzi, mimi wa kwanza kuchangia.

#18 KigamboniNet

Nimerudi kwenye lile jengo langu. Kebo zote mbili, ya kwanza na ya pili, zimetafunwa mahali pamoja, juu ya jiko la kantini. Mavi ya panya yamejaa pale, dari ni ya joto na kuna harufu ya chakula. Ya tatu nimeipitisha kwenye bomba la chuma hadi ivuke jiko.

#19 Kijana wa Nyegezi

Wakuu, nimerudi na majibu.

Maltimita yangu haikuwa na nF, nimeazima kwa fundi wa redio jirani. Nimechomoa swichi na kamera. Jozi ya chungwa, kijani na kahawia zote zimesoma 2.3. Bluu upande wa swichi: 0.8. Upande wa kamera: 1.5. Nikajumlisha, 2.3. Mzee, mkono ulinitetemeka.

48 mara 0.8, gawa kwa 2.3, ni mita 16.7. Nikapima kwa futi kamba kutoka kwenye swichi kufuata ukuta wa nyuma. Imeniangukia chini ya dirisha la chumba namba 4. Pale mwenye nyumba aliweka grili mpya mwezi uliopita, na mchomeleaji alichomelea dirisha likiwa mahali pake. Cheche imetoboa tranki (mfereji wa plastiki unaofunika kebo ukutani), tundu dogo kama punje ya mtama, ikaingia kwenye ganda la kebo na kula waya mbili za bluu. Kahawia iliyo pembeni yake imebabuka plastiki lakini shaba haijaguswa.

Nimekata pale, nimeunganisha kwa boksi la kiungo, nimepima tena: jozi zote nne 2.3. Kamera ya geti la nyuma imewaka saa kumi na mbili kasoro robo jioni. Mwenye nyumba nimemwonyesha tranki iliyotobolewa, amempigia simu mchomeleaji mwenyewe.

Mzee wangu, asante. Kesho nakwenda kutafuta maltimita yenye nF ya kwangu.